Karatasi ya Endijan

Mimi sikusoma. Ninasema mapema ili musinitafutie makosa. Kwa mapadri kule milimani, upande wa Pepa, nilikaa kwenye benchi muda wa kutosha kusoma katekismu na kuandika jina langu, kisha baba akasema ngombe haziwezi kungoja, nikarudi kwenye ngombe za muzungu. Kila kitu nilicho nacho nilikitafuta kwa hii mikono: nyumba, parseli, watoto waliosoma mpaka wakanipita. Kwa hiyo nikisema hapa kwamba kulikuwa siku serikali ya Zaire iliniandika kuwa maskini, na kwamba ninashukuru mpaka leo, mujue si neno jepesi kwangu.

Kazi yangu ilikuwa matofali. Nilishuka Kalemie nikiwa kijana, nikabeba magunia bandarini mpaka mugongo ukakataa, kisha nikaingia kwa muzee mumoja aliyekuwa anachoma matofali karibu na Lukuga. Yeye njo alinifundisha udongo, namna ya kuukanyaga na namna ya kuuacha ukauke bila haraka, kwa sababu tofali la haraka linapasuka kwenye moto. Muzee hakuwa na feza ya kunilipa kila mwezi, lakini alikuwa na ardhi. Tukapatana: mimi nitamuchomea matofali ya nyumba yake, yeye atanikatia parseli, kiwanja changu, pembeni ya kwake. Nikayachoma, nyumba ikasimama, akahamia ndani na bibi yake. Kisha akanionyesha mipaka yangu kwa miguu yake mwenyewe, mbele ya majirani, kutoka kwenye mufereji mpaka kwenye njia ya soko. Karatasi hatukuandika. Nani alikuwa anaomba karatasi wakati ule? Nikajenga yangu, nikaoa bibi, nikazaa.

Muzee akafa. Kwa desturi ya ukoo wao anayerithi si mutoto, ni mupwa. Huyo mupwa alikuwa anaishi Ankoro, anafanya biashara ya samaki, na hata kwenye kilio hatukumuona. Alikuja nyuma, akalala kwa muzee siku chache, akazungukazunguka, akaondoka. Haukupita muda, asubuhi moja ninaamka ninakuta vijana wanachimba musingi ndani ya uwanja wangu, kati ya jiko la bibi yangu na tanuru.

Aliyewatuma alikuwa muchuruzi mumoja mwenye duka la vitambaa karibu na stesheni. Muchana akafika mwenyewe na gari yake ya kijani, akanisalimia kwa heshima yote.

"Papa," akasema, "nusu ya hii parseli niliinunua kwa mwenye kurithi. Niko na karatasi. Wewe uko na nini?"

"Niko na nyumba."

"Nyumba ni yako, siigusi. Ardhi chini ya jiko njo yangu."

Bibi yangu alikuwa anakoroga bukari, ugali wetu. Hakugeuka. Akasema, "Basi baba, beba ardhi yako, jiko uniachie likae hewani."

Nilikimbia Zone, kwenye serikali ya muji. Kule karani alinisikiliza huku anakula karanga, akasema maneno ya ardhi kati ya watu wawili si ya Zone, ni ya tribinali, na niende mbio. Muchuruzi akimaliza ukuta na kupata karatasi ya biro, ofisi ya ardhi, akasema, hakuna jaji atakayependa kubomoa. Hiyo njo ilikuwa hofu yangu yote kuanzia siku ile: ule ukuta usinitangulie.

Kwenye tribinali, muntu wa kwanza unayekutana naye si jaji. Ni grefie, karani anayepokea kesi na feza ya kesi. Yule wa kwetu alikuwa muntu mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri lakini kola imeisha, na sauti ndogo ambayo inakulazimisha uiname ili usikie. Nilimueleza yote. Akasikiliza mpaka nikamaliza.

"Sitwayeni, nimesikia," akasema. Wakati ule wote tulikuwa masitwayeni, raia tu, bwana hakuwepo tena. "Sasa konsinyasio."

"Njo nini?"

"Feza unayoweka mbele. Bila hiyo siwezi kufungua kesi."

"Mimi njo nimeibiwa, na mimi njo nilipe?"

"Wewe njo unatuita. Yeye hajatuita. Yeye anajenga."

Akanionyesha ukutani. Kulikuwa ubao, na juu yake karatasi ya Kifaransa, maneno upande mumoja na bei upande mwingine. Akanisomea taratibu. Kufungua kesi, bei yake. Kumupelekea muntu mwito wa tribinali, bei yake, na kama anakaa mbali inaongezeka kwa urefu wa njia. Kopi ya hukumu, bei kwa kila ukurasa. Na kama unadai feza na umeshinda, serikali inachukua sehemu yake juu ya ile uliyopewa.

"Hii bei haikutoka kwenye kichwa changu," akasema. "Imetoka Kinshasa. Nikikupunguzia, mukaguzi akija nitalipa mimi. Nikikuongezea, nitafungwa mimi."

"Wengine wanaongeza na hawafungwi."

"Wengine si mimi. Angalia ubao."

Sikuwa nimezoea ubao. Nilikuwa nimezoea baraza la shefu kule milimani. Kule bei ya kesi ilikuwa ndani ya macho ya shefu. Ukifika na kesi, anakutazama. Anajua baba yako, anajua ngombe zenu, anajua kama mwaka ule mihogo yenu ilioza. Mwenye mali anaambiwa alete mbuzi, asiye na mali anaambiwa alete kuku, na kuna mujane nilimuona akifungua kesi kwa kikapu cha maharagi. Kesi ikiisha, aliyeshindwa anaongeza kitu, nyama inapikwa, na wote wawili wanakula kwenye sahani moja, wamenuniana vilevile. Niliona ubao wa Kinshasa ni kitu kipofu: hauoni nani amesimama mbele yake.

Lakini sikubishana sana, kwa sababu feza nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeiweka nyumbani kwenye kopo la maziwa ya unga, noti kubwakubwa, kwa sababu ndogo zinajaza kopo haraka. Nikamuambia grefie nitarudi nikishauza matofali ya tanuru lililokuwa linapoa, nisiguse yote. Wale munaokumbuka mumeshajua kilichofuata. Ilikuwa ule mwaka redio ilitangaza, karibu na Noeli, kwamba noti kubwa hazina kazi tena na zibadilishwe ndani ya muda mufupi. Nilipanga musitari mbele ya banki pamoja na muji muzima. Tulisukumana, tulitukanana, mama mumoja akazimia akamwagiwa maji. Siku ya mwisho walifunga dirisha: noti za mupya zimeisha. Nilirudi nyumbani na kopo langu. Watoto wakachukua zile noti wakacheza nazo duka, na sikuwakataza.

Matofali nayo hayakununuliwa. Nani angenunua na nini? Muchuruzi, yeye, noti zake zilibadilishwa kwa mulango wa nyuma, kila muntu alijua. Musingi wake ulijaa mawe, ukuta ukaanza kupanda.

Nikarudi kwa grefie na mikono mitupu. Nilimuambia ukweli, na mujue ukweli ule ulinitoka kwa shida. Hakunicheka. Alishusha sauti yake, ambayo tayari ilikuwa chini, akasema:

"Papa, kuna njia. Inaitwa prodeo. Tribinali inafungua kesi yako bila konsinyasio. Lakini lazima Zone ikuandikie kwamba wewe ni endijan."

Mimi nilisikia endijeni.

Ngoja niwaeleze vijana. Endijeni ilikuwa jina letu sisi watu weusi kwa Kifaransa cha Wabelgiji. Lilikuwa limeandikwa kwenye hospitali yetu na kwenye vitabu vyetu vya kazi. Kulikuwa maduka ambapo muzungu anaingia ndani na endijeni ananunua kwa dirisha. Bosi wangu wa kwanza bandarini alikuwa analisema sawa muntu anayetema mbegu ya limau. Uhuru ulipofika sikujua mambo mengi, lakini nilijua kwamba hilo neno limepanda meli pamoja nao.

Nikasimama. "Wewe," nikamuambia, "muzungu alikuachia kiti, na matusi yake pia alikuachia? Mimi ni sitwayeni wa Zaire. Endijeni ni baba yako."

Makarani wakaacha kalamu. Jandarme, askari wa mulangoni, akashika mukanda wake. Grefie akafungua kinywa, mimi nikamuacha nacho wazi, nikatoka.

Nyumbani nilieleza kwa sauti kubwa vile nilivyomuweka mahali pake. Bibi yangu alinisikiliza, akaangalia ukuta ambao ulikuwa umefika kwenye magoti, akaniuliza, "Na kesi?" Nikarudi kwenye matofali. Majuma yakapita. Ukuta ulipofika kwenye kiuno, moshi wa jiko ukawa unagonga pale na kurudi machoni mwake.

Jioni moja ninapanga matofali yaliyokosa munuzi, ninamuona grefie anakuja kwa miguu, suruali imekunjwa, viatu mukononi kwa sababu ya matope. Nikajua amekuja na jandarme. Nikaangalia nyuma yake, hakukuwa muntu.

"Papa," akasema, "baba yangu alishakufa. Si vizuri kumuita endijeni hata kwenye kaburi."

Nilimuonyesha tofali akakaa. Bibi yangu akamuletea maji.

"Mimi nilisema endijan," akaendelea. "Mwisho wake jan. Wewe ulisikia jeni. Endijeni ni mwenyeji wa inchi, njo vile Wabelgiji walivyotuita. Endijan ni neno lingine kabisa. Ni muntu asiye na kitu. Maskini."

Nikafikiri kidogo. "Basi hiyo ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza," nikamuambia. "Mwenyeji wa inchi ni mimi. Maskini si mimi."

Bibi yangu alicheka mpaka akashika kiuno. Sikuona cha kuchekesha.

"Mama anacheka," grefie akasema.

"Muulize kesho tunakula nini," bibi yangu akamuambia. "Akijibu hilo, mimi nitanyamaza."

Grefie akageuka kwangu. "Tribinali haikuulizi kama ulizaliwa maskini wala kama utakufa maskini. Inakuuliza neno moja: leo unaweza kulipa konsinyasio? Leo."

"Leo hapana."

"Basi leo wewe ni endijan. Kesho tanuru likiwaka utakuwa patro, tajiri wa kazi, hakuna atakayekukataza."

Akanieleza vile inavyokwenda. Serikali haisamehe ile feza, inaiweka kando. Kila kitu kinachofanyika kwenye kesi kinaandikwa na bei yake ya ubaoni: kufungua, mwito, kopi. Hukumu ikitoka, anayeshindwa njo analipa yote, hata ile ambayo mimi sikuweka.

"Na nikishindwa mimi?"

"Serikali itakudai wewe. Lakini endijan utamudai nini? Utachukua jiko?"

"Jiko lenyewe njo kesi," bibi yangu akasema.

Hapo nilianza kuelewa kitu ambacho sikukiona siku ya kwanza. Ubao wa Kinshasa haukuwa kipofu kabisa. Shefu wa milimani alikuwa anakutazama kwa macho yake kwanza, kisha anasema bei. Serikali inasema bei kwanza, kisha inatuma muntu aje akutazame. Njia mbili, lakini zote zilijua kwamba kuna wakati muntu mwenye haki hana kuku.

Nilimuuliza juu ya nini alikuja mpaka kwangu baada ya matusi yale. Akasema kwamba neno lilitoka kwenye kinywa chake, likaingia vibaya kwenye sikio langu, na ukuta unapanda, angelala vipi? Bibi yangu akamupa hindi la kuchoma. Alilila palepale, akashukuru, akaenda na viatu vyake mukononi. Hilo hindi njo kitu pekee alichokula kwangu. Ninakisema kwa sababu ninajua munachofikiri.

Asubuhi nikavaa abakosi yangu, lile koti la wakati ule lisilo na tai, nikapaka viatu rangi.

"Unaenda kuandikwa maskini au kuandikwa waziri?" bibi yangu akauliza.

"Kama wananiandika maskini, waandike maskini anayejiheshimu."

Kwenye Zone nikaonyeshwa karani wa mambo ya jamii. Aliniangalia kutoka kwenye viatu mpaka kwenye kola. "Sitwayeni, umekosa mulango," akasema. "Wanaoomba ruhusa ya kufungua duka ni biro linalofuata."

"Nimekuja kuchukua karatasi ya endijan." Ile jan niliivuta vizuri, isije ikaniponyoka tena.

"Ya nani?"

"Yangu."

Wale wote waliokuwa kwenye benchi wakageuka. Mwanamuke mumoja mwenye mutoto mugongoni akajisogeza ili nikae, sawa vile tunavyomufanyia mugonjwa. Nilikaa. Ule mwendo wa kufika kwenye lile benchi, tangu nilipotoka kwenye ngombe sijafanya mwendo mugumu kama ule.

Karani hakuandika siku ile. Alisema shefu wa kartie, yule wa mutaa wetu, lazima aje nyumbani aangalie kwa macho, kwa sababu wako watu wanaojiandikisha maskini na wana mitumbwi mitatu kwenye maji. Sikumulaumu. Wako.

Shefu wa kartie alikuwa muntu ninayemujua sana. Nyumba yake niliichomea matofali. Akafika na kalamu, akaona haya kuingia. Mimi nilibaki nje na abakosi yangu, sikuweza. Bibi yangu njo alimuingiza.

Sasa sikilizeni. Yale majuma yote, bibi yangu alikuwa anawasha moto hata siku ambazo hakukuwa na kitu cha kupika. Alikuwa anaweka sufuria ya maji juu, ili majirani waone moshi. Hakuna aliyejua. Hata dada yake hakujua. Na sasa nilimusikia akifungua mafuniko moja moja. "Hii ni ya unga, angalia. Hii ni ya mafuta, angalia. Hii ni ya chumvi, chumvi iko." Akamuonyesha hata kopo na noti za kufa. Alikuwa anafanya kazi, sawa vile anavyouza sokoni.

"Na ile kinga?" shefu akauliza. Kinga, baiskeli yangu, ilikuwa imetundikwa ukutani.

"Panda," bibi yangu akasema. "Ukifika nayo barabarani ni yako."

Haikuwa na mupira hata mumoja. Shefu akacheka, na mimi kule nje nikacheka. Akaandika. Alipotoka akaniambia, "Papa, una bibi." Nikamuambia ninajua. Sikuwa najua vya kutosha.

Habari ya karatasi ilizunguka kartie kabla wino haujakauka. Jirani yetu, fundi wa kushona nyavu, akawa kila asubuhi anapita na kupaza sauti: "Papa Endijan, umeamka salama?"

"Nimeamka," nilikuwa ninamujibu. "Na wewe usiye na karatasi? Wewe ni maskini sawa na mimi, ila serikali haijakujua."

Kesi ikafunguliwa. Mwito ulipelekwa kwa muchuruzi, akaambiwa asimamishe ukuta mpaka hukumu. Siku ya kwanza alikuja na avoka, wakili wake, ambaye alisema Kifaransa kingi. Mimi nilisema Kiswahili, kidogo. Jaji akaniuliza nilinunua kwa kitu gani, nikasema kwa matofali. Matofali yako wapi? Nikasema yako kwenye nyumba ya muzee, mujane wake analala ndani yake. Jaji akasema basi tutaenda kuona.

Hapo kukatokea shida ambayo sikuitazamia. Tribinali haikuwa na gari. Jaji akitoka kwenda kuangalia mahali, kwa kawaida mwenye kesi njo anatoa feza ya gari, na mwenye kesi alikuwa mimi, endijan. Muchuruzi akasimama kwa adabu, akasema gari yake iko nje, ina mafuta, jaji akipenda. Nikajua nimekwisha. Grefie akachukua kalamu. Aliandika tu, lakini aliandika akisema kwa sauti kila neno analoliandika: kwamba upande wa pili umetoa gari kwa ajili ya jaji. Jaji akamusikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kofia yake.

"Tutatembea," akasema.

Tukatembea. Jaji mbele, grefie na makaratasi chini ya kwapa, avoka na viatu vyake vya kungaa, mimi, jandarme, na nyuma yetu ile gari ya kijani inakuja polepole, tupu, dereva hajui afanye nini. Tulipita katikati ya soko. Mama wauza ndagala, wale samaki wadogo, walisimama kuangalia, mumoja akauliza nani amekufa. Tulipofika, jasho lilikuwa limeshapita kwenye mashati ya wakubwa wote, na bibi yangu akawapa maji bila kuangalia nani ni wa upande gani. Avoka akanywa vikombe viwili.

Mujane wa muzee alikuwa amezeeka, lakini kinywa chake kilikuwa kizima. Jaji akamufuata mpaka mulangoni kwake, akamuuliza kama anajua habari ya hii parseli.

"Mutoto wangu," akamuambia jaji, "piga huo ukuta wa nyumba yangu na mukono."

Jaji akapiga.

"Hiyo njo bei. Huyu alichoma, mume wangu akamukatia. Mupwa wa mume wangu alikuta nimeshalala ndani. Angeniuliza ningemuambia. Hakuuliza, alikuwa na haraka ya kuuza."

Majirani waliokuwepo siku ya mipaka wakaonyesha mufereji na njia. Haikuchukua muda.

Hukumu ikasema kwamba muzee alishaitoa parseli akiwa hai, kwa hiyo mupwa hakuirithi, kwa hiyo hakuwa na kitu cha kuuza. Muchuruzi aondoe mawe yake, akamudai mupwa feza yake, na alipe gharama zote za kesi. Nilikuwepo alipolipa kwenye dirisha la grefie. Sikwenda kumucheka. Nilitaka kuona kwa macho yangu vile feza iliyoandikwa kwa jina langu inavyotoka kwenye mufuko wa mwingine. Akapewa kitansi chake, risiti ya malipo, akageuka.

"Papa, umenigharimu."

"Si mimi. Ni haraka ya yule wa Ankoro."

Akatikisa kichwa. Nitamupa haki yake: hakuniwekea chuki. Feza ilipoanza kuzunguka tena, yeye njo alikuwa munuzi wangu wa kwanza, kwa sababu bado alihitaji matofali kujenga mahali pengine. Nilimuuzia kwa bei ya kila muntu.

Kwa feza ya lile tanuru nikarudi kwa grefie. Nikamuambia nimekuja kulipa konsinyasio yangu.

"Huwezi," akasema. "Aliyeshindwa alishalipa. Kama una hamu sana, Papa, tafuta kesi nyingine ushindwe."

"Kuna kitu gani ninaweza kulipa?"

"Kopi ya hukumu hujaichukua. Lakini kwa prodeo hata hiyo ni bure."

"Hiyo nitalipa."

"Si lazima."

"Najua si lazima. Bei iko kwenye ubao."

Akanitazama, akaona sitoki. Akapekua kurasa, akasema bei, nikaweka. Akaandika kitansi, akapiga muhuri, akanipa kwa mikono miwili. Njo feza pekee ambayo nimelipa tribinali katika maisha yangu, na sijawahi kulipa feza na moyo mweupe vile. Baadaye walimuhamisha, nikasikia ni upande wa Kongolo, na sikumuona tena.

Watoto wangu hawapendi nikisimulia hii habari mbele ya wageni. Wanasema inashusha jina la familia. Ninawajibu kwamba jina la familia linakaa kwenye hii parseli, na parseli ilibaki kwa sababu mama yao alifungua sufuria zake, na muntu aliyetukanwa akavua viatu akapita kwenye matope kuja kunisahihisha neno moja. Kiburi nilikuwa nacho, na bado ninacho. Lakini asante ninajua kuisema. Ninawaambia asante hao wawili, na yule muntu wa Kinshasa nisiyemujua, aliyekaa kupanga bei za tribinali na akakumbuka kuacha nafasi ya muntu ambaye leo hana.